Huduma ya saa 24 kwa wagonjwa wa kansa wanaolala nyumbani: jibu kwa muuguzi wa Bukavu

Swali: Mimi ni muuguzi mkuu katika hospitali moja hapa Bukavu. Tunatoa kemoterapi mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha wagonjwa wanarudi kulala kwao. Wapo kama 60 walio kwenye dawa kwa sasa. Wakizidiwa usiku wanakimbilia popote, na wengine habari zao tunazipata siku ya miadi, wakati mwingine kutoka kwa ndugu waliokwisha kuzika. Uongozi umekubali tuanzishe huduma ya saa 24 bila kulaza watu, ila unauliza: itahitaji watu na vitu gani, na baada ya miezi sita tutajuaje kama imefaa?

Jibu:

Dada, anza na hesabu ya wiki. Wiki ina saa 168, nanyi mko wazi saa 40. Saa 128 zinazobaki, yaani zaidi ya robo tatu za wiki, mgonjwa wenu hana mlango. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuuonyesha uongozi kwa nini jambo hili si anasa.

Lakini msikimbilie kufungua chumba kipya cha usiku chenye vitanda na daktari wake. Kwa wagonjwa 60 chumba hicho kitakaa kitupu usiku mwingi, wauguzi watapelekwa kusaidia kwingine, na usiku kitakapohitajika hakutakuwa na mtu. Mgonjwa wa kansa anayelala nyumbani anahitaji vitu vitatu usiku: mtu anayepokea simu na ana ruhusa ya kuamua, dozi ya kwanza ya antibiotiki ndani ya saa moja tangu afike getini, na dawa ya maumivu inayomfikisha asubuhi. Jengeni hivyo vitatu juu ya chumba cha dharura mlicho nacho, ambako tayari kuna muuguzi aliye macho.

Kabla ya kuanza, pimeni hali ilivyo. Kwa wiki nne wekeni daftari dharura na kwa mlinzi wa geti: kila mgonjwa wa kansa anayefika nje ya saa za kazi aandikwe saa aliyofika, shida yake, saa aliyopata dawa ya kwanza na alikoishia. Wakati huohuo kila anayekuja kuchukua dawa aulizwe: tangu mara ya mwisho, je, uliugua usiku au mwisho wa wiki? Ulikwenda wapi? Ulilipa nini? Mtashangaa ni wangapi walipita kwenye duka la dawa la mtaani au kwenye kituo cha afya kisichojua kama wako kwenye kemoterapi. Rudini pia kwenye faili za miezi mitatu iliyopita mhesabu vifo na miadi iliyokosekana. Msipofanya hivyo sasa, baada ya miezi sita mtakuwa na takwimu zisizo na cha kulinganisha nacho.

Sasa watu. Nafasi moja inayojazwa usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Sheria ya kazi ya Kongo inaweka saa 45 kwa wiki kwa mtu mmoja, kwa hiyo ni watu 3.7; ongeza moja ya tano kwa likizo, ugonjwa na mafunzo, unafika 4.5, maana yake watu watano. Watano wa kukaa karibu na simu tu, hakuna hospitali ya kwetu itakayowalipa. Ndiyo maana nasema simu ikae dharura, na wauguzi wote wanaozunguka zamu za usiku wafundishwe, wasipungue watano. Mkiwafundisha wawili tu, mmoja akiwa likizo na mwingine mgonjwa, huduma imekufa na hakuna atakayewatangazia. Daktari anaweza kukaa kwake na simu, lakini orodha ya mwezi ibandikwe ukutani ikiwa na majina mawili kwa kila usiku. Wa kwanza asipopokea ndani ya dakika 10, anapigiwa wa pili. Wa pili naye asipopokea, muuguzi anaendelea kwa amri ya maandishi iliyosainiwa mapema na mganga mkuu: mgonjwa wa kemoterapi mwenye homa apewe dozi ya kwanza bila kumsubiri daktari. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko vifaa vyote nitakavyotaja. Ikikosekana, muuguzi ataogopa, atangoja, na saa zitakwenda.

Kuna karatasi nyingine ndogo inayofanya kazi kubwa: orodha ya usiku. Kwa dawa nyingi zinazotolewa kila wiki tatu, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Hizo ni siku 8 katika 21. Kama wote 60 wako kwenye mzunguko huo, basi usiku wowote ule kuna kama 23 mjini walio ndani ya siku za hatari. Kila alasiri kabla ya kufunga, muuguzi wa mchana aandike majina yao, dawa waliyopewa, siku waliyofikia na mtaa wanaokaa, ampe wa dharura mkononi. Wenye dawa za kila wiki waandikwe kwa mstari wao. Wanaomeza tamoxifen (kidonge cha homoni) peke yake hawaingii kwenye hesabu hii.

Simu. Namba iwe moja, isibadilike, na chombo kiwe kile kidogo cha bei nafuu kinachokaa na moto siku kadhaa, chenye laini mbili za mitandao tofauti, kwa sababu mtandao mmoja ukianguka hapa Ibanda mjini mwingine huwa unashika. Kiwe na betri ya akiba inayochajiwa mchana, umeme usije ukawakatisha katikati ya usiku. Kisitoke kwenye meza ya dharura. Simu ya huduma ikiingia mfukoni mwa daktari, siku moja itaingia naye chumba cha upasuaji, siku nyingine itaenda naye nyumbani ikiwa imezimwa. Wengi watabipu, kwa hiyo kuwe na yunite (salio la simu) za kuwapigia, na sheria iwe kuwarudia ndani ya dakika 5. WhatsApp ni nzuri kwa kukumbusha miadi. Kwa homa ya usiku ni hatari, maana ujumbe unaweza kulala pale hadi asubuhi huku mgonjwa akiamini ameshatoa taarifa. Mara moja kwa wiki mtu asiyetangazwa apige saa nane ya usiku ahesabu mlio ulilia mara ngapi.

Na saa ziandikwe kwa namba 24. “Saa mbili” kwenye daftari inaweza kusomwa 20:00 na mmoja, 2:00 na mwingine aliyezoea Kifaransa, na tathmini yenu yote ya muda ikaharibika hapo.

Wa kupokea simu asitegemee kumbukumbu. Uingereza wauguzi wa kansa wanatumia fomu ya rangi tatu iitwayo UKONS, na wazo lake linafaa kwetu bila mashine yoyote. Kila dalili inaulizwa na kuwekewa rangi. Nyekundu: aje sasa. Manjano moja: ashauriwe na apigiwe tena ndani ya saa 24. Manjano mbili au zaidi zinageuka nyekundu. Kijani: maelezo ya nyumbani, na apige tena hali ikibadilika. Maswali yasiruke hata kama anayepiga anajua anachotaka. Andikeni fomu kwa Kiswahili, na mwe na maneno ya Kimashi na Kihavu kwa wa Walungu, Kabare na kisiwa cha Idjwi. Simu inayofaa, mgonjwa akiwa na kadi yenye dawa na tarehe zake za kemoterapi, inakwenda namna hii:

— Hallo, huduma ya usiku ya kansa. Unaitwa nani, na tukikatika nikupigie kwa namba hii?

— Ni mtoto yake. Mama iko na malaria, anatetemeka tangu jioni. Tumemupa paracetamol.

— Chukua kadi yake, nisomee tarehe ya dawa ya mwisho.

— Tarehe tatu.

— Leo ni kumi na tatu. Mlipima joto?

— Mbele ya dawa ilikuwa 38 na 4. Sasa ni 37 na 2.

— Anajibu vizuri? Anapumua mbio? Amekojoa tangu mchana?

— Anajibu, lakini amelegea. Kukojoa, hapana.

— Mko mtaa gani?

— Kadutu.

— Mama anakuja sasa, msingoje asubuhi. Muje na kadi. Naandika jina lake getini.

Dakika mbili hazijaisha. Tazama kilichofanyika. Muuguzi hakubishana kuhusu malaria. Alitafuta tarehe kwanza, akajua ni siku ya 11. Hakudanganyika na 37.2, kwa sababu paracetamol inaficha homa bila kuondoa kilichoileta. Na hakumaliza kabla ya kujua mtaa, kwa sababu mtaa ndio unaoamua kinachofuata.

Nibaki kwenye homa, maana ndiyo inayoua kwa saa chache na ndiyo inayoweza kuzuiwa. Kila mgonjwa apewe kipimajoto cha dijitali na afundishwe kukisoma mbele yenu. Asipoweza, afundishwe anayemhudumia nyumbani. Kwenye vitabu kipimo ni 38.3 mdomoni mara moja, au 38.0 inayodumu saa moja. Kwapani joto husomeka chini kidogo, kwa hiyo kwa simu shikeni 38.0 kuwa nyekundu, na 37.5 kuwa manjano ya kupimwa tena baada ya saa moja. Baridi ya kutetemeka, kuchanganyikiwa au kulegea ghafla ni nyekundu hata joto likiwa la kawaida: wanaomeza dawa za steroidi kama dexamethasone au prednisolone wanaweza kuwa na maambukizi makali mwili usipande moto. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa kisitumike kwao, wala sindano za msuli zisizo na ulazima. Na kwenye kadi, kwa herufi kubwa: PIMA KABLA YA PARACETAMOL.

Getini mlinzi awe na nakala ya orodha. Mwenye kadi hapangi foleni wala haketi kwenye benchi moja na wanaokohoa. Kiti kimoja pembeni, karibu na dirisha, kinatosha. Hapo saa inaanza kuhesabiwa, kuanzia getini, wala si kuanzia daktari alipomwona. Ndani ya dakika 60 antibiotiki iwe imeingia mshipani. Damu ichukuliwe kabla, lakini majibu yasingojwe. Kama kemoterapi ni ya ndani ya wiki sita, mchukulieni kama hana kinga hadi maabara iseme vingine. Neutrofili (aina ya chembe hizo nyeupe) chini ya 500 kwa milimita moja ya ujazo ndiyo mpaka wa hatari, na usiku maabara ikiwa imefungwa mtaijua asubuhi huku dawa ikiwa tayari inafanya kazi.

Malaria ndiyo mtego wetu. Kipimo cha haraka kifanywe, ndiyo. Kikiwa chanya, mgonjwa apewe dawa ya malaria pamoja na antibiotiki. Wengi wanaishia kwenye malaria wakaridhika, na vijidudu vya tumbo vilivyopita kwenye damu vinaendelea na kazi yao.

Kuhusu dawa yenyewe: ceftazidime, cefepime au piperacillin-tazobactam ndizo zinazofaa zaidi, kwa sababu zinamfikia Pseudomonas, kijidudu hatari kwa wasio na kinga. Zisipopatikana, ceftriaxone gramu 2 pamoja na gentamicin miligramu 5 kwa kilo ni bora kuliko kungoja, ila jueni kwamba ceftriaxone peke yake ina pengo hapo. Angalieni kadi kabla ya gentamicin. Aliyepewa cisplatin (moja ya dawa za kemoterapi) figo zake tayari zimebeba mzigo, naye ana haki ya kuanza na dawa isiyo gentamicin kama ipo. Ceftriaxone isipite kwenye mrija mmoja na dripu ya Ringer, kwa sababu ya kalisi. Tumieni maji ya chumvi.

Vitu hivi viwe kwenye mfuko mmoja uliofungwa, na mifuko minne ikae kwenye kabati la dharura: kanula mbili (za kijani na pinki zinashika kwa wengi, lakini wekeni ya buluu pia, iliyo nyembamba zaidi, mishipa ya waliochomwa kemoterapi mara nyingi inakataa), mirija ya damu, chupa za kuotesha vijidudu kama maabara yenu inazipokea, ceftriaxone gramu 2 au mbadala wake, gentamicin ampuli nne za miligramu 80, lita moja ya maji ya chumvi na mrija wake, sindano, maji ya kuchanganyia, kipimo cha malaria, kipimo cha sukari, na karatasi ya dozi kwa uzito. Ukifunguliwa, unajazwa asubuhi ileile na mtu aliyetajwa kwa jina. Kabati la famasia likiwa limefungwa na mwenye ufunguo analala Bagira, saa yenu moja mmeshaipoteza.

Pesa inapoteza saa nyingi kuliko ufunguo. Kosyo (amana ya matibabu) ikiombwa kabla ya dozi ya kwanza, ndugu ataondoka kwenda kutafuta fedha usiku, na mgonjwa atabaki kwenye kiti. Zungumzeni na uongozi mapema, na bei ikiwa mezani: mfuko mmoja unagharimu kiasi fulani, kwa mwezi tunatarajia mifuko kiasi fulani, mfuko unatoka kwanza na hesabu inafanywa asubuhi. Wekeni pia kiasi kila mwezi kwa wale ambao hawatalipa. Uongozi ukikataa hili, ni afadhali kulijua kabla ya kuchapisha namba ya simu.

Baada ya dozi ya kwanza si kila mtu alazwe. Kipimo cha MASCC, cha kuhesabu alama za hatari kwa mwenye homa na kinga iliyoshuka, kinasaidia kuchagua: alama 5 kama dalili ni ndogo (3 zikiwa za wastani), 5 kama presha ya juu inazidi 90, 4 kama hana ugonjwa sugu wa mapafu, 4 kama kansa yake ni ya uvimbe au hajawahi kuugua fangasi mwilini, 3 kama hahitaji maji ya mshipa, 3 kama homa ilimkuta nyumbani, 2 kama ana umri chini ya miaka 60. Jumla ni 26, na 21 kwenda juu ni hatari ndogo. Huyo akae chini ya macho saa 4 walau, kisha anaweza kwenda na ciprofloxacin na amoxicillin-clavulanate za kumeza, mradi hatapiki, ana mtu nyumbani, ana simu, na anaweza kurudi ndani ya saa moja. Hapa kwetu naongeza sharti: asiruhusiwe gizani. Abaki hadi kupambazuke, na apigiwe asubuhi inayofuata bila kukosa. Aliyeandikiwa vidonge asipopigiwa, ni sawa na aliyetupwa.

Njia sasa. Mpango wenu ukisema “aje hospitali” na mtaa haupitiki usiku, kwa usalama au kwa sababu mvua imeshusha udongo barabarani, hamjapanga kitu. Chagueni vituo vya afya viwili au vitatu, kimoja Kadutu, kimoja Bagira, kimoja upande wa Panzi, mwafundishe wauguzi wao jambo moja: kusoma kadi na kutoa dozi ya kwanza, kisha kupiga simu. Waachieni mfuko mmoja mmoja. Andikeni pia motari (waendesha pikipiki) watatu au wanne mnaowaamini kwa kila upande wa mji, wanaolipwa getini na hospitali. Ila mgonjwa aliyelegea au anayetoka damu asipandishwe pikipiki. Huyo ni gari au kituo cha karibu. Anayetoka Idjwi hana huduma ya saa 24, hata mkiiandika kwenye bango: akishikwa na homa usiku anangoja mashua. Kwake panga tarehe badala ya simu. Apewe dawa siku ambayo atakuwa na ndugu mjini wa kumkaribisha kutoka siku ya 7 hadi ya 14. Isipowezekana, kituo cha kisiwani kiwe na barua na dozi kabla hajapanda mashua kurudi.

Nje ya homa, simu nyingi zitakuwa za maumivu, na wauguzi wa dharura ndipo wanapotetereka, kwa sababu morfini inawatisha. Kwa anayemeza morfini ya maji kila saa 4, dozi ya kuokoa katikati ni ileile anayomeza kila saa 4. Kama usiku mmoja ameihitaji mara nyingi, asubuhi dozi ya kawaida inapandishwa. Dozi maradufu wakati wa kulala inamwepusha kuamka saa nane. Kila anayepewa morfini apewe na bisacodyl, dawa ya kulainisha choo, tangu siku ya kwanza. Msipofanya hivyo, simu za wiki ya pili zitakuwa za tumbo lililofunga. Kabati lenye kufuli, daftari lenye saini mbili, na chupa moja ya akiba dharura isiyogeuzwa kuwa ya wodi.

Mwanamke mwenye kansa ya mlango wa kizazi anayetoka damu nyingi ni nyekundu: pamba ndefu ya kuziba ukeni, tranexamic acid (dawa ya kupunguza kutoka damu) gramu 1 mara tatu kwa siku, kundi la damu lipimwe, na ndugu wa kutoa damu waanze kutafutwa papo hapo. Anayesema mgongo unauma na miguu imekuwa mizito, au mkojo umegoma, ni nyekundu vilevile: dexamethasone miligramu 16 usiku huohuo, na asubuhi mpaka wa Rwanda ukifunguliwa, mjadala wa mionzi ya Kigali uanze. Miguu ikishakufa, ni mara chache inarudi. Kuharisha: maji ya chumvi na sukari, na loperamide miligramu 4 kisha 2, lakini kwanza mmuulize kama ana homa au damu kwenye choo, akiwa navyo, loperamide haifai, aje. Na zitakuja simu za walio njiani kuaga dunia, ambao familia imeamua wafie nyumbani. Huyo asiitwe hospitali. Uamuzi huo uandikwe kwenye orodha mapema, ili muuguzi asiyemjua asimwamshe na kumpandisha gari kwa ajili ya dripu.

Tathmini. Namba zichukueni kwenye chanzo kisichoweza kupendelea. Simu zilizokosa kupokelewa zihesabiwe kutoka kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, kwa sababu daftari haliandiki simu ambayo hakuna aliyeisikia. Muda wa getini hadi antibiotiki uandikwe papo hapo kwa saa moja ya ukutani. Mkiona daftari limejaa 22:00, 22:30, 23:00, hizo zimeandikwa asubuhi kwa kukisia. Muda halisi una 22:07 na 22:51.

Msitumie wastani kwa muda huo. Chukua watano waliopata dawa kwa dakika 25, 40, 45, 70 na 300. Wastani ni 96, na unaonyesha kila mtu alichelewa, wakati walio wengi walipata ndani ya saa moja. Semeni wa katikati alikuwa 45, watatu kati ya watano walikuwa chini ya 60, kisha mkae na yule wa 300: alifika saa ngapi, nani alikuwa zamu, kilikwama nini? Huyo mmoja atawafundisha kuliko jumla.

Na namba zenu zitakuwa ndogo. Mkiwa na homa 12 kwa miezi sita, msiandike asilimia. Andikeni mistari 12. Ukilinganisha, linganisha miezi ya mvua na ya mvua, kwa sababu malaria ya msimu itabadilisha idadi ya homa bila huduma yenu kuhusika. Jueni pia kwamba miezi ya mwanzo watakaolazwa wanaweza kuongezeka. Ni wale waliokuwa wakifia nyumbani bila kuandikwa popote. Mwambieni mkurugenzi hivyo kabla hajaona bili.

Kila mwezi mtu asiyefanya zamu asome simu 20 zilizochaguliwa bila kupendelea. Anatafuta makosa mawili: kijani aliyelazwa au kufa ndani ya siku 2, na nyekundu aliyefika akaonekana hana dharura yoyote. La kwanza ni hatari, lirekebishwe mara moja kwa fomu na mafunzo. La pili livumiliwe kiasi, maana simu isiyomwita mtu bure hata mara moja ni simu inayowaacha wengine nyumbani.

Vifo vyote vya ndani ya siku 30 tangu dozi ya mwisho visomwe kimoja kimoja, vya nyumbani vikiwemo. Hapo kuna kazi ambayo huduma nyingi zinaikwepa: kila aliyekosa miadi apigiwe ndani ya siku 3. Msipopiga, mtawahesabu waliopiga simu tu, na hao ndio wenye simu, yunite na ujasiri. Pangeni simu kwa mtaa. Kama Bagira kuna wagonjwa 15 na hakuna hata mmoja aliyepiga kwa miezi mitatu, msidhani wako salama. Huenda simu ni ya mume na mume yuko machimboni Shabunda. Huenda mmoja alipiga mwezi wa kwanza, akafokewa, na habari ikaenea mtaa mzima.

Waulizeni pia wauguzi wa dharura, kwa karatasi isiyo na jina, ni simu ngapi kwa zamu zinawatoa kwenye kazi nyingine na ni lini walilazimika kuacha mgonjwa mezani ili wapokee. Jibu hilo ndilo litakalowaambia kama muda wa mtu maalumu wa simu umefika. Kwa wagonjwa 60 nadhani haujafika. Wakifika 150, au simu zikizidi nne kwa usiku mara kwa mara, rudini kwa uongozi na hesabu ile ya watu watano.